Kabati Letu, na Ufunguo Utashikwa na Nani

Mara ya mwisho tuliandika juu ya foleni ya maji na wengi mlijibu. Leo tunaandika juu ya makaratasi. Msikimbie kwanza.

Mwezi uliopita kikundi chetu kiligombana. Siyo ugomvi wa mpira, wala wa nani amekula pesa ya soda. Tuligombana kwa sababu ya mfuko mmoja wa unga, ule wa kilo 50, ambao ndani yake hamna unga. Kuna madaftari mawili, bahasha ya picha, shati moja la kuchezea dansi na barua ambayo haijafunguliwa. Mwenye vitu hivyo hayuko kambini tena. Wenzetu watatu walitaka mfuko uchomwe usiku huo huo. Mmoja wao alisimama akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Munachunga kifo ndani ya mufuko, halafu munaita kumbukumbu." Hakuna aliyecheka. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, na kwa wiki mbili hatukusalimiana vizuri hata kwenye foleni.

Sasa tumefikia msimamo, walio wengi wetu, na tunataka muusikie wote, hata wale wasioukubali. Mfuko usichomwe, na usibaki peke yake. Kambi hii inahitaji kabati lake la kumbukumbu. Ndani ya kabati hilo, maisha ya mama zetu na dada zetu, na ya wale ambao watu hawataki hata kuwataja, yapate nafasi sawa na ya wengine. Ila ufunguo hatutaki ushikwe na kiongozi wa eneo, wala na shirika, wala na sisi wenyewe peke yetu.

Mwenye mfuko ni rafiki yetu. Tumebadilisha mambo mawili matatu asijulikane, na yeye mwenyewe amesoma maneno haya kabla hatujayatuma. Alifika hapa Dzaleka akiwa mtoto, kama wengi wetu. Alikuwa hodari wa dansi, na kila Tamasha la Tumaini lilipokaribia ndiye aliyewafundisha wadogo zetu kucheza, bila malipo, jua kali, mpaka sauti ikakauka. Kisha maneno yakaanza. Eti anapenda wanaume. Maneno yalitoka bombani, yakapita kanisani, yakafika nyumbani kwa baba yake yakiwa yameongezwa chumvi na pilipili. Usiku mmoja alipigwa. Hatutasimulia zaidi, hakutaka. Aliondoka kuelekea kusini kwa njia ambazo kila mtu hapa anazijua, na mfuko akatuachia sisi. Alisema tu, "Nyumbani watavichoma."

Kabla ya kuendelea, kuhusu majina. Mtaani hapa kuna neno shoga na neno msagaji, na karibu kila tunapoyasikia yanatupwa kama jiwe. Uganda wenyewe wanajiita kuchu, na ni jina walilojichagulia. Sisi tutasema wapenzi wa jinsia moja, au tutasema tu watu, kwa sababu ndivyo walivyo. Tunajua pia kwamba sheria ya Malawi, nchi inayotuhifadhi, inaadhibu mambo hayo. Hatuko hapa kumfundisha mtu nani wa kupenda. Tunazungumzia karatasi, picha na sauti za watu ambao tayari wapo, waliokula ugali nasi sahani moja.

Tuwapeleke kwanza kwa mama mmoja wa eneo letu, halafu tutarudi kwenye mfuko.

Huyu mama ndiye mwandishi wa likelemba, ule mchezo wa kuzungushiana pesa ambao wengine wanauita upatu. Ameandika kwa miaka mingi, daftari la shule moja baada ya jingine. Anaandika nani ametoa, nani amepokea, nani amekosa. Na pale mtu anapokosa, anaandika sababu. "Mtoto mgonjwa." "Mume amechukua." "Amelala kwangu na watoto, amepigwa." Kwa macho ya mtu wa ofisi hayo ni mahesabu ya kina mama. Mwaka jana dada mmoja aliitwa kwenye mahojiano ya kesi yake, akaulizwa ni lini hasa alikimbia nyumba ya mume wake. Hakukumbuka. Nani anakumbuka tarehe ya usiku kama ule? Alisema mwezi wa tatu, halafu mwezi wa tano, na aliyemhoji akaandika kwamba maelezo yake yanagongana. Alirudi analia. Mama akafungua daftari, akapekua kurasa kwa kidole alicholowesha mate, akafika kwenye mstari mmoja: jina la dada, pesa hakuna, amelala kwangu, na tarehe. Ilikuwa mwezi wa nne. Ukurasa ukapigwa picha kwa simu, ukapelekwa.

Tulipomwambia mama kwamba alichofanya ni kazi ya kuhifadhi historia, alitutazama kama watu wenye njaa. "Mimi sijue kuandika muzuri," alisema, "lakini tarehe sisahau." Tukamkumbusha habari ya Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye hakusoma shule. Sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert. Baadaye wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, wale wa TAMWA, walipoanzisha gazeti lao waliliita Sauti ya Siti. Mama akauliza, "Sasa huyo Siti alikuwa na daftari?" Hapana mama, hakuwa na daftari, wengine walimshikia kumbukumbu. "Basi mimi nimemupita," akasema. Hatukuwa na jibu.

Kuna kitu tulichojifunza kwenye daftari lile ambacho hatukukipata kwenye semina yoyote. Anayetumia kumbukumbu mara nyingi si profesa. Ni mtu mwenye shida ya leo, anayetaka kuaminiwa.

Sasa turudi kwa rafiki yetu. Yuko Johannesburg. Ametupa ruhusa kusema hilo tu, na mji ule ni mkubwa. Siku moja alitutumia ujumbe wa sauti wa karibu dakika kumi, tukausikiliza watu sita kwenye simu moja. Alikuwa amekwenda GALA, ambayo ni hifadhi ya nyaraka za wapenzi wa jinsia moja. Ilianzishwa mwaka 1997 na iko kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Alikuwa amesikia kwamba kuna barua za mtu aliyekuwa gerezani, akaomba kuziona.

Mtu huyo ni Simon Nkoli. Alizaliwa Soweto mwaka 1957, akawa mpigania uhuru, akakamatwa mwaka 1984 pamoja na wenzake. Washtakiwa walikuwa 22 katika kesi inayoitwa ya Delmas, na shtaka lilikuwa uhaini, yaani wangeweza kunyongwa. Humo gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Fikirieni. Kesi ya kunyongwa iko mbele yenu, na mwenzenu anawaambia jambo ambalo serikali inaweza kulitumia kuwaaibisha wote. Baadhi hawakutaka kushtakiwa naye pamoja. Walibishana sana, na mwisho walibaki kesi moja. Simon aliachiliwa mwaka 1988. Miaka ile yote alikuwa akimwandikia barua mpenzi wake, na barua hizo ndizo zilizohifadhiwa.

Rafiki yetu alisema kilichomgusa si siasa. Alikuta kwamba mtu shujaa, anayetajwa kwenye historia, gerezani alikuwa na upweke wa kawaida tu na alikuwa anasubiri jibu la barua. "Nilidhani niko wa kwanza," alisema. Halafu akanyamaza, tukasikia magari ya huko nyuma yake. Halafu akauliza, "Mfuko wangu bado uko?"

Hapo ndipo tulipoanza kusoma, kwa bando la kuchangishana.

Tumesoma kwamba mwaka 1990, tarehe 13 Oktoba, Simon Nkoli, Beverley Ditsie na wenzao waliandamana hadharani Johannesburg, na baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi vichwani ili wasitambuliwe. Hii picha hatuiachi. Mtu amekuja kuhesabiwa, lakini uso ameuficha. Amefanya yote mawili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwambia achague. Miaka sita baadaye Katiba mpya ya Afrika Kusini ikakataza ubaguzi kwa sababu ya mtu anayempenda. Waliovaa mifuko nao wamo ndani ya historia hiyo, pamoja na mifuko yao.

Tukasoma pia habari za New York, Marekani, ambako mwaka 1974 wanawake wachache walianzisha hifadhi ya wanawake wanaopenda wanawake, inayoitwa Lesbian Herstory Archives. Walianzia wapi? Kwenye fleti ya mmoja wao, Joan Nestle, ndani ya stoo ya chakula. Tulipofika kwenye mstari huo tuliangaliana, maana na sisi kumbukumbu tumeiweka kwenye mfuko wa unga. Waliweka masharti ambayo tungependa kuyaiba mazima. Hifadhi ikae ndani ya jamii yenyewe, isipelekwe chuoni, kwa sababu lango la chuo limefungwa kwa wanawake wengi. Anayekuja kusoma haulizwi digrii. Haihitaji kuwa mtu maarufu ili karatasi zako zipokelewe. Wenye ujuzi wawafundishe wadogo zao kazi hiyo. Kwa karibu miaka 20 walikaa kwenye fleti ile, watu wakiingia na kutoka na masanduku, mpaka walipofungua nyumba yao wenyewe Brooklyn mwaka 1993, iliyonunuliwa kwa michango ya wanawake wenyewe, mingi yake midogo midogo. Yaani likelemba!

Humo kuna kumbukumbu za mwanamke mweusi, Mabel Hampton. Tungependa kila mama wa hapa amjue. Alizaliwa mwaka 1902 North Carolina. Ujana wake alikuwa mcheza dansi Harlem, halafu miaka mingi alifanya kazi za nyumbani, kufagia na kufulia familia za watu. Aliishi na mwenzake, Lillian Foster, kuanzia mwaka 1932 mpaka Lillian alipofariki mwaka 1978. Hakuwa na cheo chochote. Kwenye vitabu vya historia vya kawaida mtu wa namna hiyo ni "mfanyakazi", basi, hana jina. Lakini alikuwa mtunzaji wa vitu, na Joan Nestle alikaa naye akamrekodi akisimulia, na vitabu vyake na karatasi zake akavitoa kwa hifadhi. Alifariki mwaka 1989. Sauti yake ipo mpaka leo kwenye kanda, na zimewekwa kwenye intaneti. Mmoja wetu anayejua Kiingereza vizuri alisikiliza kidogo, akasema bibi anacheka sana.

Sasa tukaanza kubishana, chuo au stoo? GALA iko chuoni na ina walinzi, umeme, rafu na watu waliosomea kazi hiyo. Wa New York walikataa chuo. Wengine wetu walisema karatasi zetu tukizipeleka chuo fulani angalau mchwa hawatazila. Ni kweli, mchwa wa hapa hawana utani, na mvua ikianza mwezi wa kumi na moja bati linavuja hata kwa mchungaji. Lakini dada mmoja akauliza, "Huyo mama wa likelemba atafikaje huko chuoni kutafuta ukurasa wake?" Mkimbizi hapa hawezi kutoka kambini ovyo. Mwaka 2023 wenzetu wengi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine walirudishwa hapa, wengine hawakupata hata muda wa kuchukua vyeti vya watoto. Karatasi iliyo mbali na mtu ni kama haipo. Kwa hiyo sisi tuko upande wa stoo, hata kama stoo yetu inavuja.

Ndugu zetu watatu waliotaka kuchoma, hatuwaoni wajinga. Tunataka mjue hivyo, na tunaomba radhi kwa yule aliyewaita waoga. Wanachosema kina ushahidi. Berlin, Ujerumani, kulikuwa na taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld, iliyofunguliwa mwaka 1919, yenye maktaba kubwa ya mambo haya. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Wanazi waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vilikuwa kwenye moto uwanjani, watu wakishangilia. Hirschfeld mwenyewe alikuwa nje ya nchi, hakurudi tena. Alifia Ufaransa mwaka 1935, mkimbizi kama sisi.

Na hapa jirani, Uganda, Oktoba 2010, gazeti moja lilichapa majina na picha za watu likitaka wanyongwe. David Kato alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake walilishtaki gazeti hilo, na mwanzoni mwa Januari 2011 mahakama ikawapa haki. Mwezi huo huo, tarehe 26, akauawa nyumbani kwake. Mtu mmoja alifungwa kwa mauaji hayo, na mpaka leo watu wanabishana juu ya sababu. Lakini nani kati yetu atasema kwamba jina kwenye orodha ni kitu kidogo? Wengi wetu wazazi wetu walikimbia kwa sababu mtu alikuja na orodha. Hilo hatuhitaji kufundishwa.

Hata hivyo tunasema kuna tofauti kubwa kati ya orodha na kumbukumbu. Orodha hutengenezwa na mtu mwingine juu yako, bila kukuuliza, na hana haja ya kujua ulicheka nini. Kumbukumbu unaitoa wewe, na unasema nani aione na lini. Nairobi walifanya hivyo. Kikundi cha wasanii kinachoitwa The Nest kilianza mwaka 2013 kukusanya simulizi za Wakenya wapenzi wa jinsia moja, wasimuliaji wakiwa wamefichwa majina. Kutoka kwenye simulizi hizo wakatengeneza filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, Stories of Our Lives. Mwaka 2014 ikapigwa marufuku Kenya. Mwaka uliofuata simulizi zikatoka kama kitabu. Filamu ilizuiwa, lakini waliosimulia hawakuanikwa, kwa sababu kazi ya kuwalinda ilifanywa mwanzoni kabisa, siyo baada ya matatizo.

Na moto nao, ndugu, si ulinzi kama mnavyodhani. Ukichoma madaftari ya rafiki yetu, waliompiga bado wanamjua jina. Kitakachopotea ni upande wake tu. Yatabaki maneno ya bombani.

Sasa neno kwa wafanyakazi wa mashirika. Tunawaheshimu, wengine mmekaa nasi kwenye jua, na mmoja wenu ndiye aliyetuchapishia karatasi za kusoma. Lakini tuambiane ukweli. Hapa hadithi zetu zimechukuliwa mara ngapi? Anakuja mtu na kinasa sauti, na fomu ya kutia sahihi kwa lugha ambayo mama haisomi, anauliza mambo ya usiku mbaya kabisa wa maisha yake, anatoa soda na biskuti, anaondoka. Miaka miwili iliyopita dada zetu kumi na mmoja walihojiwa hivyo juu ya ukatili wa nyumbani. Mmoja wao baadaye alihitaji maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa siku ile, kwa sababu ndiyo siku pekee aliyoweza kuyasema bila kutetemeka. Tuliandika barua pepe tatu. Jibu lilikuja moja, kwamba mradi umefungwa na takwimu ni za siri. Siri dhidi ya nani? Dhidi ya mwenye maneno?

Tunaomba vitu vichache. Mkirekodi, acheni nakala kwa aliyerekodiwa, kwenye memori kadi au karatasi, kama anaitaka na kama ana pa kuiweka salama. Fomu isomwe kwa sauti kwa Kiswahili, na iwe na mahali pa kusema "nimebadili mawazo". Na tafadhali msituombe sisi vijana wa kujitolea tuwaletee "majina ya wahusika" ili mradi upate namba. Tumeombwa hivyo, zaidi ya mara moja, kwa nia njema. Hatutatoa. Mtu anayetaka huduma atakuja mwenyewe kama akijua mlango uko wazi na hauna macho ya majirani.

Kuna atakayesema, watu hawajala, posho imepungua, nyinyi mnaongea makabati. Tunajua, na sisi tunakula posho hiyo hiyo. Dzaleka ilitengenezwa kwa watu elfu 10 au 12, leo tuko zaidi ya elfu 50, na hakuna siku ambayo hakutakuwa na kitu cha haraka kuliko karatasi. Lakini yule dada wa mwezi wa nne alihitaji karatasi kuliko unga siku ile. Na kabla ya mwaka 1994 mahali hapa palikuwa jela, wafungwa wa siasa walikaa humu. Tunafulia nguo karibu na kuta zao. Ni nani kati yetu anayeweza kutaja jina la mmoja wao?

Basi tumefanya hivi. Fundi bati wa sokoni ametutengenezea kasha lenye sehemu mbili, na kufuli mbili za aina tofauti. Sehemu ya kwanza ni ya wazi: nakala za madaftari ya likelemba ambazo wenyewe wamekubali, picha za timu ya wasichana, michezo ya kuigiza, matangazo ya mikutano, mapishi, nyimbo za kulaza watoto ambazo bibi mmoja anatusomea kila Jumapili. Mtu yeyote aje asome, hata asiyejua kusoma aje, tutamsomea. Sehemu ya pili imefungwa. Kitu kikiingia humo kinakuwa na namba, hakina jina. Daftari linaloonyesha namba ipi ni ya nani halikai kwenye kasha, wala kwa mtu mmoja. Funguo za sehemu hiyo ziko kwa wanawake wawili wasiokaa eneo moja, na hakuna kufungua bila wote wawili na bila neno la mwenye kitu. Akisema tumrudishie, tunamrudishia. Akisema tuchome, tutachoma, mbele ya shahidi anayemtaka, hata kama roho zinatuuma. Kati ya wale watatu waliotaka moto, mmoja amekubali kuwa anakagua mchwa kila mwezi. Wawili bado wamekataa na tunaendelea kusalimiana.

Mfuko wa rafiki yetu bado haujaingia, na mahali ulipo hatusemi. Tulimuuliza kwa maandishi anataka nini, tukasubiri siku tisa. Jibu lake lilikuja juzi usiku. Madaftari yakae sehemu iliyofungwa mpaka yeye aseme. Barua isifunguliwe, siyo yake peke yake. Picha za dansi, zile ambazo yeye amesimama nyuma na watoto wako mbele, ziwekwe sehemu ya wazi, lakini kila mzazi aulizwe kwanza. Na shati apewe yule kijana anayefundisha dansi sasa, kama linamtosha.

Tumeanza kuzunguka kwa wazazi. Tumefika nyumba saba, wanne wamekubali, wawili wamekataa, na mmoja amesema turudi baba akiwa hayupo. Jumamosi saa nane mchana tunakutana chini ya mti pale tunapofanyia mazoezi, kwa ajili ya sehemu ya wazi. Ukija lete ulicho nacho, hata kadi ya zamani ya mgao, hata kipande cha kitenge chenye hadithi. Na kama una majani ya mwarobaini yaliyokauka, tunayahitaji kwa ajili ya wadudu.